Tom Wills

Thomas Wentworth Wills (19 Agosti 1835 – 2 Mei 1880), anayejulikana zaidi kama Tom Wills, alikuwa mchezaji wa kriketi na mmoja wa waasisi wa mpira wa miguu wa Kiaustralia. Mchezo huo huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai, na wachezaji huruhusiwa kuudaka kwa mikono na kukimbia nao. Wills aliucheza akiwa nahodha, aliuchezesha akiwa mwamuzi, na alishiriki kutunga kanuni zake za kwanza.

Utoto na masomo

Wills alizaliwa katika nyanda za Molonglo, New South Wales, akiwa kifungua mimba wa mfugaji Horatio Wills na mkewe Elizabeth. Babu yake mzaa baba alikuwa mfungwa aliyesafirishwa kutoka Uingereza mwaka 1799 kwa kosa la unyang'anyi. Mwaka 1840 familia ilihamia Lexington, karibu na ulipo leo mji wa Ararat, Victoria, katika ardhi ya Wadjab Wurrung, mojawapo ya jamii za Waaborijini. Tom alicheza na watoto wa jamii hiyo na kujifunza lugha na nyimbo zao.

Mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka 14, alipelekwa Uingereza katika shule ya Rugby, chimbuko la mchezo wa raga. Sifa zake alizipata uwanjani kuliko darasani: alikuwa nahodha wa kriketi wa shule, kisha akaichezea Kent. Mwaka 1856 aliichezea Cambridge dhidi ya Oxford ingawa hakuwa mwanafunzi wa chuo hicho. Mwisho wa mwaka huo alirejea Melbourne.

Barua ya 1858 na kanuni za 1859

Tarehe 10 Julai 1858 gazeti la michezo la Bell's Life in Victoria lilichapisha barua ya Wills. Alitaka wanakriketi waanzishe klabu ya mpira ili viungo vyao visikakamae wakati wa baridi. Alitoa pia hoja ya kivitendo: uwanja wa kriketi ukikanyagwakanyagwa, nyasi zake zingeshikamana vizuri. Kama klabu ya mpira isingewezekana, basi na ianzishwe klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki.

Tarehe 7 Agosti mwaka huohuo, Wills na John Macadam walikuwa waamuzi wa mechi kati ya shule za Scotch College na Melbourne Grammar. Kila upande ulikuwa na wachezaji 40. Mechi hiyo ilichezwa kwa Jumamosi tatu na kuishia sare ya goli moja kwa moja.

Tarehe 17 Mei 1859, Wills na wenzake wa klabu ya Melbourne, wakiwemo William Hammersley, J. B. Thompson na Thomas Smith, waliandika kanuni kumi. Wills alipenda sheria za shule yake ya zamani, lakini wenzake waliziona ngumu kueleweka na hatari kwa watu wazima ambao kesho yake walitakiwa kazini. Wakapiga marufuku kumpiga mwenzako teke la muundi na kuurusha mpira kwa mikono. Aliyeudaka mpira uliotoka moja kwa moja mguuni mwa mwingine alipewa haki ya kupiga bila kusumbuliwa, na kudaka huko hadi leo ndiko kunakopendwa zaidi na watazamaji. Kanuni ya kuotea haikuwekwa kabisa.

Wills baadaye aliiongoza Geelong kama nahodha. Katika mechi moja dhidi ya Ballarat, upepo ukiwa mkali dhidi yao, aliwarundika wachezaji wake wote nyuma, jambo lililowaudhi sana watazamaji.

Cullin-la-ringo

Mwaka 1861 Wills alifuatana na baba yake kwenda kuanzisha shamba la mifugo huko Cullin-la-ringo, Queensland. Tarehe 17 Oktoba 1861 Waaborijini wa eneo hilo walilishambulia na kuua walowezi 19, akiwemo Horatio. Tom alinusurika kwa kuwa alikuwa ametumwa kuchukua mahitaji. Mauaji ya kulipiza kisasi yaliyofuata yaliangamiza Waaborijini wengi zaidi. Mwaka 2021 mjadala ulizuka baada ya kupatikana makala ya gazeti la Chicago ya mwaka 1895, iliyodai kuwa Wills alishiriki katika kisasi hicho. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya uzito wa madai hayo.

Miaka mitano tu baada ya kuuawa kwa baba yake, Wills aliifundisha na kuiongoza timu ya kriketi ya Waaborijini wa magharibi mwa Victoria, akiwemo Johnny Mullagh. Tarehe 26 Desemba 1866 timu hiyo ilicheza katika uwanja wa Melbourne mbele ya maelfu ya watazamaji. Safari yake ya Sydney ilisambaratika kwa kukosa fedha. Timu iliyozuru Uingereza mwaka 1868 iliongozwa na Charles Lawrence.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1872 waamuzi walimwadhibu Wills kwa kurusha mpira wa kriketi kwa mkono uliokunjwa, na heshima yake katika mchezo huo ikaporomoka. Ulevi ulimzidi, madeni yakamwandama. Alijiua nyumbani kwake Heidelberg akiwa na miaka 44, na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama. Cheo cha "baba wa mpira" kilimwendea binamu na shemeji yake, H. C. A. Harrison, aliyeongoza marekebisho ya kanuni mwaka 1866.

Urithi

Kaburi lake liliwekewa jiwe mwaka 1980. Mwaka 1996 aliingizwa katika orodha ya kwanza ya magwiji wa mchezo huo. Watafiti wangali wanabishana iwapo aliathiriwa na marngrook, mchezo wa Waaborijini wa kupiga na kudaka mpira wa ngozi. Wanaokubali hutaja utoto wake wa Lexington. Wanaopinga husema hakuna andiko lake linaloutaja, na kwamba kanuni za 1859 zinafanana na za shule za Kiingereza.

Nje ya uwanja wa Melbourne, sanamu ya Louis Laumen ya mwaka 2001 inaonyesha vijana wawili wakigombea mpira katika mechi ya 1858. Wills yuko nyuma yao, si kama mchezaji, bali kama mwamuzi.