Udongo ni wa nani?

Avoka mmoja wa kwetu huwauliza wakimbizi: «Shamba ni lako?» Wakiitika, anacheka: «Ni la Serikali.» Hakosei. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold II ulitangaza udongo usio na mtu kuwa wa dola. Hata shamba lililopumzishwa likahesabiwa tupu. Sheria ya 20 Julai 1973, kifungu cha 53, ikaupa Serikali udongo wote. Kifungu cha 389 kiliahidi agizo la Rais juu ya udongo wa vijiji; watu wakalingojea miaka makumi. Huko Bushi wazee walilipa kalinzi kwa mwami, karatasi hakuna. Mwenye sertifika, ikishapita miaka miwili, ni vigumu kumng'oa, nawe uko kambini. Kwa hiyo avoka, kabla ya faili, huandika kwanza majina ya mliopakana nao.