Mwito wa kuinua reli na lugha ya tahadhari mjengoni

WAKENYA wengi wakitajiwa Reli ya Uganda huwaza simba wa Tsavo. Simba wale wa 1898 wamepata vitabu na filamu. Vibarua ndio wamesahaulika. Kati ya 1896 na 1901, Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga. Takribani 2,500 walifia huku, wengi kwa maradhi, na zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema.

Mimi nauliza swali dogo: watu hawa walisikizanaje? Palikuwa na Kipunjabi, Kiswahili cha pwani na Kiingereza cha wahandisi. Reli ilikuwa ya pauni 50 kwa kila yadi, kwa hivyo kipande cha yadi 10 kilikaribia kilo 227. Mmoja akiachilia kabla ya wenzake, mguu wa jirani umekwenda. Hapo sentensi ndefu haina kazi. Kinachotakiwa ni mwito mmoja unaojulikana na kila sikio.

Ndiyo maana harambee hunivutia. Wapo wanaodai ati neno hili limetokana na Ambe, mungu wa kike wa Wahindu. Wengine hushikilia kwamba ni la Waswahili wenyewe. Ubishi huo nauachia wapenzi wake. Kabla Jomo Kenyatta hajaligeuza kuwa wito wa taifa, lilikuwa neno la kuvuta na kuinua kwa pamoja. Kwangu mimi, hicho ni kifaa cha usalama kama kofia ngumu.

Leo, kifungu cha 6 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe taarifa, maelekezo na mafunzo. Sawa, lakini kwa lugha gani? Kibao cha Kiingereza au Kichina kwa kijana asiyezijua ni pambo la ukuta tu.

Hata Kiswahili chetu kina mitego. Inua na tua ni amri zinazopingana, ila zote huishia kwa -ua. Mashine ya kukoroga saruji ikinguruma, silabi ya kwanza humezwa. Shika na shusha nazo huanza kwa sauti moja. Afadhali juu, chini na simama, pamoja na ishara ya mkono. Msimamizi mgeni na kibarua mgeni wayatamke maneno hayo kwa sauti, mbele ya wenzao, kabla ya yeyote kugusa kamba ya winchi.