Upakaji rangi wa visanamu vya michezo ya mezani

Upakaji rangi wa visanamu ni kazi ya mikono ya kujiburudisha ambamo mtu hupaka rangi sanamu ndogo za wahusika wa kubuniwa, kama vile wapiganaji, wachawi, majitu, mazimwi na majoka, ili zitumike katika michezo ya kuigiza inayochezwa mezani. Wengi wanaoifanya si wasanii wa kulipwa, bali ni wapenzi wa michezo hiyo wanaopaka rangi nyumbani wakati wa mapumziko.

Katika michezo ya aina hiyo, ambayo maarufu zaidi ni Dungeons & Dragons, kila mchezaji huchukua nafasi ya mhusika mmoja. Msimamizi wa mchezo husimulia mahali walipo na hatari zinazowakabili, na dadu huamua kama jambo linalojaribiwa limefaulu au limeshindikana. Mchezo unaweza kuchezwa kwa maneno matupu. Hata hivyo, mapigano yanapoanza, visanamu huwaonyesha wachezaji wote nani yuko wapi, nani yuko karibu na adui na nani amezibiwa njia.

Ugumu mkubwa wa kazi hii unatokana na udogo wa kisanamu. Mwanga wa kawaida wa chumbani hautoi vivuli vya kutosha juu ya kitu chenye urefu wa sentimita tatu. Kisanamu kilichopakwa rangi moja moja tu, nyekundu kwenye joho na kahawia kwenye viatu, huonekana bapa kikitazamwa kutoka upande wa pili wa meza. Kwa sababu hiyo mpakaji hupaka pia kivuli na mwanga wenyewe. Karibu mbinu zote zinazoelezwa hapa chini zina lengo hilo moja.

Ukubwa na umbo

Visanamu vingi vya leo hutajwa kuwa vya milimita 28, kipimo kinachokaribia kimo cha mtu wa kawaida akiwa amesimama. Vya zamani vilikuwa vidogo zaidi, yaani milimita 25. Katika Dungeons & Dragons ramani ya mapigano hugawanywa katika miraba ya inchi 1 (sentimita 2.54), na kila mraba huwakilisha futi 5 (mita 1.5 hivi). Maana yake ni kwamba kila kitu kimepunguzwa mara 60. Mtu wa mita 1.7 huwa na milimita 28 hivi, na jicho lake huwa na upana usiofikia milimita moja.

Wachongaji kwa kawaida hukuza vichwa, mikono na silaha kupita uwiano wa kweli. Uso mkubwa kidogo hutambulika kwa mbali, na upanga mnene hauvunjiki upesi. Mikunjo ya nguo nayo huchongwa kwa kina ili rangi nyepesi iweze kutuama ndani yake.

Historia

Askari wadogo wa metali walitengenezwa Ujerumani, hasa mjini Nuremberg, tangu karne ya 18. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kuuza askari wa risasi wenye uwazi ndani, waliokuwa wepesi na wa bei nafuu. Mwandishi H. G. Wells alitoa mwaka 1913 kitabu Little Wars, chenye kanuni za kupigana vita vya mchezo kwa kutumia askari wa namna hiyo.

Kutoka michezo ya vita ndipo ilipozaliwa michezo ya kuigiza. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa nchini Marekani kanuni zilizoitwa Chainmail, zilizohusu vita vya zama za kati, pamoja na nyongeza ya majoka na uchawi. Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons. Wakati huo visanamu vya viumbe wa kubuniwa vilikuwa adimu, na Gygax alitumia pia wanyama wa plastiki wa bei rahisi kutoka maduka ya vitu vya watoto. Baadhi ya viumbe vya mchezo huo, kama vile zimwi linalokula chuma, vilitokana na wanyama hao wa plastiki.

Muda mfupi baadaye kampuni maalumu zilianzishwa. Ral Partha ilianza mwaka 1975 mjini Cincinnati, Marekani. Mwaka huohuo Games Workshop iliundwa London, na mwaka 1979 ilishiriki kuanzisha Citadel Miniatures. Mwaka 1983 ilitoa Warhammer, mchezo wa vita unaohitaji majeshi mazima ya visanamu, na hivyo kuwafanya watu wengi zaidi washike brashi.

Rangi za mwanzo zilikuwa za mafuta, zilizohitaji tapentaini na kuchukua saa nyingi kukauka. Tangu miaka ya 1980 rangi za akriliki, ambazo huyeyushwa kwa maji na kukauka kwa dakika chache, zimechukua nafasi yake. Badiliko hilo lilirahisisha sana kazi ya kufanyia nyumbani.

Malighafi ya visanamu

Visanamu hutengenezwa kwa vitu vinne hasa:

- Aloi ya risasi na bati, iliyotumika zaidi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.
- Aloi ya bati isiyo na risasi, iliyochukua nafasi yake.
- Plastiki, inayosukumwa ikiwa moto ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu hiyo ni ghali, lakini ikishapatikana hutoa vipande vingi kwa gharama ndogo.
- Rezini, ambayo humiminwa katika kalibu ya mpira au kugandishwa tabaka kwa tabaka na mashine ya kuchapa ya 3D.

Vifaa

Mpakaji anayeanza huhitaji vitu vichache: brashi mbili au tatu, rangi za akriliki za msingi, kisu kidogo chenye ncha, tupa laini au msasa, gundi, maji na taa nzuri. Brashi bora hutengenezwa kwa nywele za mnyama mdogo wa Siberia wa jamii ya vicheche, kwa kuwa nywele hizo hubeba rangi nyingi na kurudi kwenye ncha moja. Ncha nzuri ni muhimu kuliko wembamba wa brashi, kwa sababu brashi nyembamba mno hubeba rangi kidogo, nayo hukauka kabla ya kufika kwenye kisanamu.

Wengi hutumia pia kibao chenye unyevu cha kuchanganyia rangi. Hicho ni chombo bapa chenye sponji iliyolowa, na juu yake karatasi ya kuokea keki. Maji hupenya karatasi polepole na kuzuia rangi isikauke kwa saa kadhaa. Kifaa hicho kinaweza kutengenezwa nyumbani kwa vitu vya jikoni.

Hatua za kazi

Maandalizi. Kisanamu huoshwa kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani. Mstari unaobaki mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana hukwanguliwa kwa kisu. Mstari huo usipoondolewa, rangi itauonyesha zaidi badala ya kuuficha.

Rangi ya kwanza. Akriliki haishiki vizuri kwenye metali wala plastiki tupu, hivyo hutangulizwa tabaka jembamba la rangi maalumu ya kushikiza, ya kupuliza au ya brashi. Nyeusi hutoa vivuli mapema lakini hufifisha rangi za juu. Nyeupe hung'arisha rangi lakini huacha wazi kila sehemu iliyosahauliwa. Kijivu iko katikati. Wengine hupuliza nyeusi pande zote, kisha nyeupe kutoka juu tu, kana kwamba jua liko utosini. Mpakaji huona hapo mwanga unapoangukia, naye huufuata katika hatua zote zinazofuata.

Rangi za awali. Kila sehemu hupewa rangi yake. Rangi huzimuliwa kwa maji kidogo, kwa kuwa matabaka mawili membamba hufunika vizuri na kuacha mchongo wazi, ilhali tabaka moja zito huziba macho, vidole na mikunjo.

Vivuli. Rangi nyepesi sana na nyeusinyeusi hupakwa juu ya sehemu nzima. Huteremka yenyewe kwenye mikunjo na kuacha sehemu zilizoinuka zikiwa na weusi kidogo tu.

Mwanga. Njia rahisi ni brashi kavu: rangi iliyo nyeupe zaidi huchukuliwa kwa brashi, karibu yote hufutwa kwenye kitambaa, kisha brashi hupitishwa kwa wepesi juu ya kisanamu ili ishike sehemu zilizoinuka tu. Njia hiyo hufaa manyoya, mawe na minyororo. Kwenye ngozi na nguo laini huacha michirizi, kwa hiyo hapo hutumiwa matabaka mengi membamba, kila moja likiwa jeupe zaidi na dogo zaidi kuliko lililotangulia.

Uso. Jicho la mtazamaji huenda usoni kwanza, hivyo uso uliopakwa vizuri huinua kisanamu kizima. Wengi hupaka macho mapema, kabla ya ngozi inayoyazunguka, ili makosa yafunikwe baadaye.

Metali. Panga na deraya hupakwa rangi yenye chembe zinazong'aa. Mafundi wengine hawatumii chembe hizo kabisa. Huiga mng'ao wa chuma kwa kuweka nyeupe kali kando ya kijivu cheusi.

Kitako na vanishi. Mchanga, mawe madogo au mizizi mikavu hubandikwa kwenye kitako ili kuonyesha mahali mhusika alipo. Mwishoni hupakwa vanishi. Kisanamu cha kuchezewa hushikwashikwa na vidole vyenye jasho, na bila vanishi rangi huanza kutoka puani, magotini na kwenye ncha za silaha.

Usalama

Risasi ni sumu inayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya watoto. Hofu hiyo, pamoja na sheria iliyokusudiwa katika jimbo la New York mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliwafanya watengenezaji wengi waiache. Visanamu vya kale bado vinauzwa na kurithiwa, na haviwezi kutambuliwa kwa macho kwa uhakika. Vile vya metali vilivyotengenezwa kabla ya miaka hiyo vinapaswa kuhesabiwa kuwa vina risasi: visipewe watoto, visikwanguliwe vikiwa vikavu mahali pa kulia chakula, na mikono ioshwe kila baada ya kuvigusa. Visihifadhiwe katika makabati ya mti wa mwaloni, kwa kuwa mvuke wa asidi ya mti huo hula risasi na kuigeuza unga mweupe wenye sumu.

Baadhi ya wapakaji hunyosha ncha ya brashi kwa midomo. Desturi hiyo haifai, kwa kuwa baadhi ya rangi zina kadimi au kemikali nyingine zisizopaswa kumezwa. Historia inatoa onyo kali zaidi: katika miaka ya 1910 na 1920, wanawake waliopaka rangi yenye radi kwenye nyuso za saa nchini Marekani waliugua na wengine kufa kwa sababu ya kunyosha brashi mdomoni.

Rezini ya majimaji ya mashine za 3D huwasha ngozi na inaweza kuleta mzio wa kudumu. Hushikwa kwa glavu, penye hewa ya kutosha, na kisanamu huguswa kwa mikono mitupu baada tu ya kuoshwa na kukaushwa kwa mwanga wa urujuanimno. Rangi ya kupuliza hutumiwa nje au dirishani, siku isiyo na unyevu mwingi, kwa kuwa unyevu huifanya iwe na ukungu au chengachenga.

Mashindano

Shindano linalojulikana sana ni Golden Demon la Games Workshop, lililoanza mwaka 1987 nchini Uingereza, ambapo mshindi wa jumla hupewa upanga. Waamuzi wa mashindano hutazama usafi wa maandalizi, ulaini wa mpito kutoka kivuli hadi mwanga, na upatano wa rangi.

Kazi ya mashindano huweza kuchukua makumi ya saa kwa kisanamu kimoja, nayo huhifadhiwa ndani ya kioo. Kisanamu cha mezani huhitaji saa moja au mbili. Kipimo chake ni kingine: kikiwa umbali wa mkono mmoja, mchezaji aweze kumtambua mhusika wake mara moja, na kujua anatazama upande gani na ameshika silaha gani.