Suria na Mke wa Ndoa: Hadhi ya Mwanamke Kisiwani Pemba, 1897–1909

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Kisiwani Pemba, ambako mashamba ya karafuu yalitegemea kazi ya watumwa, utekelezaji ulisimamiwa na Kamishna J. P. Farler. Masuria, hata hivyo, walibaki nje ya uhuru huo. Kifungu cha 5 kiliwahesabu sawa na wake: suria aliweza kumwacha bwana iwapo tu ukatili ungethibitika, na asiyezaa aliweza kukombolewa kwa idhini ya mahakama.

Usawa huo ulikuwa wa jina. Katika fikihi, mke huolewa kwa mahari, humrithi mumewe, na huweza kuomba khului. Suria hakuwa na mahari wala urithi. Aliyemzalia bwana hakuuzwa, na alikuwa huru bwana alipofariki. Watoto wake walirithi pamoja na watoto wa mke.

Kwa hiyo, amri ya 1897 iliazima jina la ndoa ili kuwazuia masuria, bila kuwapa haki zinazoambatana nalo. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1909.