Geetmala: nani aliyepanga nyimbo?

Kipindi cha redio cha Binaca Geetmala kiliposikika kwa mara ya kwanza kutoka Radio Ceylon, Desemba 1952, hakikuwa na wimbo wa kwanza wala wa mwisho. Nyimbo saba za filamu za Kihindi zilipigwa ndani ya nusu saa bila mpangilio wowote. Msikilizaji ndiye aliyetakiwa kuzipanga kwa umaarufu wake na kutuma barua, na aliyepatia alijishindia rupia 100. Chati ilikuja baadaye, na kilichoileta ni barua hizo.

Kipindi kilirushwa kutoka Colombo, yalikokuwa makao ya Radio Ceylon, kwa sababu za kisiasa. Waziri wa Habari na Utangazaji wa India, B. V. Keskar, aliamini kuwa nyimbo za filamu zinaharibu ladha ya muziki, na mwaka huohuo zikatoweka kwenye redio ya serikali. Colombo ilikuwa na mitambo ya masafa mafupi iliyotumiwa na majeshi ya Vita Kuu ya Pili, na ilipokea matangazo ya biashara. Kampuni ya Ciba ya Uswisi, wauzaji wa dawa ya meno ya Binaca, ikajitokeza kudhamini. Kipindi kikawa kinarekodiwa Bombay (Mumbai ya leo) na kanda zinapelekwa Colombo kwa ndege. Mawimbi yake yalivuka Bahari ya Hindi hadi kwetu Afrika Mashariki, ambako nyimbo hizo zilikuwa na wapenzi wengi. Mombasa, Juma Bhalo alijijengea jina katika taarab kwa kuimba maneno ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi.

Kazi ya Geetmala alipewa Ameen Sayani, kijana ambaye hata miaka 20 hakuwa ametimiza. Kwa rupia 25 kwa wiki aliandika maelezo, akatangaza, na barua akazisahihisha yeye. Kipindi cha kwanza kilileta barua 9,000, na baadaye zikafika 65,000 kwa wiki. Barua kiasi hicho hazisahihishiki. Mwaka 1954 shindano likaondolewa, kipindi kikawa cha saa nzima, na nyimbo 16 zikaanza kuhesabiwa kutoka chini kwenda juu, kila Jumatano usiku.

Hapo ndipo nguvu ya kipindi ilipozaliwa. Kabla ya hapo wimbo ulipita na kusahauliwa. Sasa ulikuwa na safari. Uliingia, ukapanda, ukateleza, na msikilizaji aliukosa kwa hasara yake. Sayani alizitaja nafasi kama ngazi zinazopandwa, na salamu zake ziliwatanguliza kina dada kabla ya kina kaka. Wimbo uliodumu kwenye orodha majuma yaliyowekwa ulivikwa taji na kuondolewa kwa heshima, ili nyingine zipate nafasi. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote: bila huo, nyimbo chache kubwa zingeziba njia mwaka mzima. Mwishoni mwa mwaka alama za kila wiki zilijumlishwa, na orodha ya mwaka ikasubiriwa kwa hamu kama matokeo ya mtihani.

Lakini nani alihesabu? Mwanzoni waandaaji walitegemea mauzo ya santuri madukani. Kasoro ikaonekana upesi: wimbo uliopendwa sana ulimalizika dukani, na santuri ambayo haipo haiuziki, kwa hiyo umaarufu wenyewe ukaushusha wimbo. Ndipo kura za vilabu vya wasikilizaji, vilivyoenea miji na vijiji vya India, zikaongezwa kwenye hesabu. Wasikilizaji waliotolewa na mafuriko ya barua walirudi kupitia vilabu, safari hii wakiwa wapiga kura.

Redio ya serikali haikukaa kimya. Oktoba 1957 ilianzisha Vividh Bharati, idhaa ya burudani, kujaribu kuwarudisha wasikilizaji waliohamia Colombo. Geetmala iliendelea huko miongo mitatu zaidi. Jina likabadilika kuwa Cibaca Geetmala, na mwaka 1989 kipindi kilihamia Vividh Bharati yenyewe, idhaa iliyoundwa kushindana nacho. Kufikia wakati huo televisheni ilikuwa sebuleni na kaseti, nyingi za bandia, zilikuwa zimeisukuma santuri pembeni. Kuhesabu mauzo kukawa kugumu kuliko zamani. Mwaka 1994 mfululizo huo ulikoma. Sayani aliendelea kuziandaa upya kumbukumbu za kipindi katika albamu za nyimbo na simulizi, na alifariki Mumbai Februari 2024, akiwa na miaka 91.