Kazi mradi, wazee wa Ikoma na swali la kitabu

Ukitaja neno Azimio, Watanzania wengi watakumbuka Arusha, 1967. Azimio la Musoma la Novemba 1974 limesahaulika, hata kwetu sisi watu wa Mara. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa pale Musoma ikaamua elimu ya msingi kwa watoto wote ianze 1977 badala ya kusubiri 1989. Ikaamua pia anayemaliza kidato cha sita aende kwanza kazini kabla ya chuo kikuu, na kwamba mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, bali na kazi zake za shuleni zihesabiwe. Mengi yalitekelezwa kwa pupa (waulize waliosoma kwenye madarasa yaliyofurika, walimu hawatoshi). Lakini hilo la mwisho mimi nalipenda mpaka leo. Huko ndiko ilikotoka kazi mradi iliyotutoa jasho sekondari.

Ya kwangu ilikuwa ya somo la historia, nikiwa kidato cha sita katika shule moja wilayani Tarime. Tuliambiwa tuandike historia ya mahali, kisha tuiwasilishe mbele ya darasa na walimu. Likizo nikaenda kwa mjomba wangu Robanda, wilaya ya Serengeti, niandike habari za boma la Wajerumani la Ikoma. Jamani, wazee hawakuwa na hamu na boma! Mmoja alianza kunihesabia majina: hapa mahame ya ukoo fulani, pale maji ya kunyweshea ng'ombe, kile kilima cha matambiko. Niliandika majina 31. Karibu yote yako ndani ya hifadhi, na leo haishi mtu huko.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa 1951, mipaka ikabadilishwa 1959. Mwaka huohuo Mjerumani Bernhard Grzimek akatoa filamu yake kuhusu Serengeti, ikapata tuzo ya Oscar 1960, na dunia ikazoea kuiona kama nchi ya wanyama tangu kuumbwa. Mwaka 1994 yakaongezwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Mzee hakuwa na tarehe hizo. Yeye alijua nani alizikwa wapi.

Kuandaa kulikuwa kazi! Ramani niliichora kwenye manila mbili nilizozigundisha, kwa maka peni ya kuazima. Halafu kuna lugha. Mzee alisema nami Kiswahili, na Kiikoma alipochoka, ila wasilisho lilitakiwa liwe la Kiingereza. Neno "mahame" lilininyima usingizi. Nilikuwa na Kiingereza cha kijiji na cha magofu, lakini mahame si kijiji wala si magofu.

Siku yenyewe nilizungumza dakika 15, sauti ikitetemeka mwanzoni, baadaye ikakaa sawa. Mwalimu akauliza: umetoa kitabu gani? Nikasoma majina ya wazee na siku niliyozungumza na kila mmoja. Akasema hayo siyo marejeo. Alama zikawa za wastani.

Nadhani hakutenda haki. Wazee wa Mara walikuwa wameshaandika historia zao wenyewe, kwa Kiswahili, na mwanahistoria Mmarekani Jan Bender Shetler alishazikusanya na kuzichapisha mwaka 2003 katika Telling Our Own Stories. Mwaka 2007 akatoa Imagining Serengeti, ambamo wazee wanasimulia nchi ile kwa majina ya mahali, kama alivyonisimulia yule wa Robanda. Nilivipata vyote viwili nikiwa tayari mwandishi wa habari. Maktaba yetu ya shule haikuwa navyo.

Mzee amefariki. Daftari ninalo, na majina matano bado sijui yako upande gani wa mto Grumeti. Msomaji wa Ikoma, Natta au Issenye mwenye babu anayekumbuka, naomba umuulize, unijulishe.