Somo la Historia: Mlevi Aliyemtafuta Mlevi Mwenzake

Leo nitawasimulia habari za watu wawili wa Marekani, Bwana Bill Wilson na Daktari Bob Smith.

Bwana Wilson alizaliwa mwaka 1895. Kazi yake ilikuwa kununua na kuuza hisa mjini New York, yaani sehemu za mali za makampuni. Alipata fedha nyingi, akazinywa. Alilazwa hospitali mara kwa mara, na kila alipotoka alirudia chupa. Mwezi wa Desemba 1934 alilazwa tena, na safari hii akaacha.

Basi akaanza kuwaendea walevi wengine na kuwahubiria. Alifanya hivyo miezi kadhaa. Unadhani aliwaachisha wangapi? Hakuna hata mmoja! Akavunjika moyo. Lakini mkewe, Bibi Lois, akamwonyesha jambo ambalo yeye hakuliona: wale walikuwa wakinywa bado, lakini yeye mwenyewe hakuwa amegusa pombe. Naye daktari wake, William Silkworth, akamshauri apunguze mahubiri, aeleze jinsi alivyougua.

Mei 1935 shughuli zilimpeleka Akron, katika jimbo la Ohio. Shughuli zikaharibika. Jumamosi alikuwa peke yake hotelini, mgeni katika mji. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa, watu wanacheka. Upande wa pili palikuwa na simu. Someni tena sentensi hizo mbili, polepole.

Bwana Wilson alishikwa na hofu. Aliona kwamba lazima apate mlevi wa kuzungumza naye, tena si kwa ajili ya mlevi yule, bali kwa ajili yake mwenyewe. Akampigia simu mchungaji mmoja, na kutoka jina hadi jina akafika kwa Bibi Henrietta Seiberling. Bibi huyo alimjua daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa ikimmaliza.

Kesho yake Daktari Bob akaja. Alikuwa amesema atakaa robo saa tu. Akakaa zaidi ya saa tano. Wahubiri alikwisha kuwasikia wengi. Huyu alimweleza aibu zake mwenyewe, kama mtu anayeomba msaada.

Je, aliacha siku ile? La. Alianguka tena mara moja, na siku yake ya mwisho ya kunywa huhesabiwa kuwa 10 Juni 1935. Mwezi huo huo wakaenda wote wawili hospitalini kumtafuta mlevi wa tatu. Wakamkuta mwanasheria aliyefungwa kitandani kwa kuwapiga wauguzi wawili. Huyo naye akaacha. Ndivyo kilivyoanza chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina yao.

Daktari Bob alikufa mwaka 1950. Pamoja na mtawa mmoja, Sista Ignatia, alikuwa ametibu walevi wapatao 5,000, bila kutoza ada yake.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni sentensi mbili: usiku ule wa Akron, nani alimsaidia mwenzake?